Kumfuata mgonjwa baada ya siku mbaya: utafiti kuhusu haiba ya mpakani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naomba nianze na jina, maana limewatisha wengi bure. Haiba ya mpakani, tatizo la afya ya akili ambalo Kiingereza huliita borderline personality disorder: mpaka wa nini na nini? Mwaka 1938 daktari mmoja wa Marekani, Adolph Stern, aliandika kuhusu wagonjwa waliomshinda kuwapanga. Hawakuwa na saikosisi, yaani kupotelewa na uhalisia, wala hawakuenea katika kundi la nyurosisi, yaani wasiwasi na huzuni zisizomtenga mtu na uhalisia, akawaweka mpakani. Wazo hilo limeachwa zamani, jina likabaki. Kwa hiyo anayeambiwa ana tatizo hili asidhani amebakiza hatua moja aingie wazimuni. Hisia zake huwaka upesi na huchelewa kupoa. Anaogopa mno kuachwa. Uhusiano wake na watu hupanda na kushuka, na pengine hujidhuru ili maumivu ya ndani yatulie kidogo.

Kwa miaka mingi njia ya utafiti ilikuwa moja: daktari anaketi na mgonjwa, anasikiliza, anaandika. Watafiti John Gunderson na Margaret Singer walizipanga dalili mwaka 1975, na mwaka 1980 tatizo likaingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Leo dalili ni tisa, na zikionekana tano zinatosha. Hebu pigeni hesabu. Tano au zaidi kati ya tisa ni michanganyiko 256, na watu wawili wanaweza kubeba jina lile lile huku dalili inayowakutanisha ni moja tu. Mtafiti akikusanya watu mia wa namna hiyo, anapima kitu kimoja au vitu kumi? Shirika la Afya Duniani limejaribu njia nyingine katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022: kwanza unapima ukali wa tatizo la haiba, kisha ukitaka unaongeza kwamba lina sura ya mpakani.

Lakini kasoro iliyoniuma zaidi ni nyingine. Mgonjwa huletwa usiku, amejikata, analia, anawafokea wauguzi. Akitulia anaondoka, na daktari hamwoni tena hadi usiku mwingine kama ule. Anayeponea nyumbani harudi kusema amepona. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba watu hawa hawaponi. Nimeisikia ikitamkwa mgonjwa akiwa pale pale kitandani, macho wazi, anasikia kila neno.

Mtafiti Mary Zanarini aliamua kuwafuata. Kuanzia mwaka 1992, yeye na wenzake katika hospitali ya McLean, Massachusetts, waliandikisha wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, wakawarudia kila baada ya miaka miwili. Ilipotimia miaka kumi, asilimia 93 walikuwa wamepata walau miaka miwili ambayo vigezo vya ugonjwa havikutimia tena. Tusishangilie mapema, kwa sababu waliopata nafuu hiyo pamoja na kazi au masomo na uhusiano mwema na watu walikuwa nusu tu. Kujidhuru hupungua mapema. Upweke, hasira na hofu ya kuachwa hukawia kuondoka.

Wengine wamefupisha muda badala ya kuurefusha. Mtu anapewa kifaa kidogo, siku hizi simu yake inatosha, nacho humlilia mara kadhaa kwa siku. Saa nne asubuhi kinauliza: una mvutano kiasi gani sasa hivi? Umekuwa na nani? Anajibu, anarudi kwenye shughuli zake, saa sita kinalia tena. Naipenda sana njia hii, kwa sababu ukimuuliza mtu Ijumaa habari za Jumatatu, atakusimulia Jumatatu kwa moyo wa Ijumaa.

Kuna na jaribio la mwaka 2008 la Brooks King-Casas na wenzake, ambalo kila mara hunirudisha kwenye watu ninaowafahamu. Wawili wanacheza mchezo wa fedha kwa raundi kumi. Wa kwanza anatoa sehemu ya fedha zake, zinazidishwa mara tatu, wa pili anaamua arudishe ngapi. Wa kwanza akianza kubana mkono, mchezaji wa kawaida aliye upande wa pili hurudisha kwa ukarimu ili kumbembeleza, na imani inarudi. Wenye haiba ya mpakani walifanya hivyo mara chache zaidi. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo insula, ambayo kwa wengine ilishtuka walipopewa kidogo, kwao haikutofautisha kidogo na kingi. Nionavyo mimi, hilo si ukorofi. Mtu aliyezoea kutarajia mabaya akipewa kidogo haoni kwamba kuna kilichoharibika, sasa atatengeneza nini?

Na mazoea hayo yanatoka wapi? Utafiti wa Sweden wa mwaka 2019, uliopitia rekodi za watu zaidi ya milioni moja, ulikadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 46. Kinachobaki ni maisha, na madhila ya utotoni yanatajwa mno na wagonjwa hawa, ingawa si wote. Mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan aliyaunganisha haya mawili: mtoto mwenye hisia kali anakulia mahali ambapo kila akilia anaambiwa analia bila sababu. Tiba aliyoijenga juu ya wazo hilo ilipimwa mwaka 1991, ikapunguza kujidhuru. Dawa hazijafika hapo: lamotrijini, iliyotegemewa sana, ilijaribiwa Uingereza kwa watu 276, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha faida yoyote.

Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana, akijiunguza na kujikata. Ninalitaja kwa sababu majaribio mengi ya tiba huhesabu majeraha na siku za kulazwa, vitu vinavyohesabika kwa urahisi. Ile nusu nyingine ya wagonjwa wa kina Zanarini, isiyofikia kazi na uhusiano mwema, kwa sehemu kubwa haijikati tena. Inakaa ndani peke yake jioni, na ni majaribio machache mno yanayoiuliza kama kuna mtu wa kumpigia simu.