Dodoma hadi Guangzhou: umbali wa ndege na saa za kwenye tiketi

Ndugu zangu, mnaofuata mzigo Guangzhou, China, swali lenu la kwanza huwa ni kilomita. Tulimalize upesi, maana hasara haiko hapo.

Kwa njia fupi kabisa, kutoka Dodoma ni kama kilomita 9,020. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Chukua tufe la dunia, nyoosha uzi. Ukiteremka kwanza Dar es Salaam ni 390, kisha 8,710, yaani pwani inakuongezea kilomita 80 tu. Dar hadi Guangzhou kwa kupitia Dubai ni kama 9,800, na hapo bado hujahesabu kusubiri. Ndege kubwa ikishakaa angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua: Dar hadi Guangzhou moja kwa moja ni saa kumi na kidogo. Kurudi huwa kurefu zaidi, hasa Desemba hadi Februari, kwa sababu upepo mkali wa juu upande ule huvuma kutoka magharibi na ndege inaukabili.

Sasa shikeni tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na China wako mbele yetu kwa saa tano. Tuseme unaondoka Dar 20:00 na kufika 11:30 kesho yake. Kwa macho ni saa 15 na nusu. Toa tano, umeruka 10 na nusu. Unarudi 14:00, unatua Dar 20:30 siku ileile. Kwa macho ni saa sita na nusu. Safari hii ongeza tano, kumbe umekaa kwenye kiti 11 na nusu. Mwambie hivyo anayekuja kukupokea.

Penye maumivu ni usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumanne 00:45, sisi tunasema saa saba kasorobo, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Anayesikia “Jumanne usiku” akafunga begi Jumanne jioni, ndege yake imeondoka tangu alfajiri haijaingia. Uwanjani unatakiwa saa tatu kabla, yaani Jumatatu saa nne kasorobo usiku. Basi Dodoma uiage Jumatatu asubuhi, kwa treni ya SGR au kwa basi, si jioni. Kalamu mkononi, andika pembeni ya tiketi: “Jumatatu, saa nne kasorobo usiku, niwe uwanjani.”

Na ukitaka kuruka kutoka hapa Dodoma, omba safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ndege ya Dodoma ikichelewa, kampuni ndiyo inayokutafutia nafasi nyingine. Ukinunua mbili tofauti, ya Guangzhou itakuacha na nauli imekwenda, na begi utalichukua mwenyewe Dar na kulikabidhi upya kaunta. Kwa tiketi mbili, lala Dar usiku mmoja.