Spana ya loki iliyouponya mkono wangu

Hamjambo ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Leo niko kando ya mfereji, katikati ya jiji la Birmingham, na hayo mnayoyasikia yakinguruma nyuma yangu ni maji. Mume wangu yuko kwenye boti kashika usukani, mimi niko juu huku nafungua maji. Tuna loki 13 za kushuka, yaani vyumba vya maji vya kushushia boti, mahali hapa panapoitwa Farmer's Bridge, na hii ni ya tatu. Kwa hiyo tutaongea huku kazi inaendelea.

Kwanza nimjibu mama. Mama, kwenye video ya mwezi wa nne uliniona na bandeji, ukanipigia simu usiku ukidhani nimeanguka. Sikuanguka. Ni kifundo cha mkono wa kulia kilivimba, na kilichokivimbisha ni chuma hiki hapa. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnakiona? Kina umbo la herufi L. Huku kwenye kichwa kuna tundu la pembe nne, na huku ndiko unakoshika. Wenyewe wanakiita windilasi. Mimi nasema spana ya loki, maana ndiyo kazi yake.

Kwa wale wageni wa chaneli hii nieleze kidogo. Boti haipandi kilima. Kwa hiyo watu wa hapa, zaidi ya miaka 200 iliyopita, walichimba mifereji, na kila penye mteremko wakajenga chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma. Hicho chumba ndicho loki. Boti inaingia, unafunga lango nyuma yake, unatoa maji, boti inashuka polepole kama mtu aliyekaa kwenye lifti. Halafu unafungua lango la chini inatoka. Ukitaka kupanda, unafanya kinyume chake. Loki moja nyembamba kama hii, yenye upana wa futi 7 hivi, inabeba maji ya lita zaidi ya laki moja, na hakuna mota hata moja. Kule chini majini kuna vilango vya mbao vinavyoziba matundu. Kila kilango kimeunganishwa na chuma chenye meno mpaka huku juu, na juu kuna shafti yenye kichwa cha pembe nne. Unachomeka spana yako hapo, unazungusha, kilango kinapanda, maji yanapita. Kila boti inakuja na spana zake. Ukiisahau nyumbani huendi popote.

Sasa hesabu wenyewe. Loki 13, kila moja ina vilango visivyopungua viwili vya kupandisha na kushusha. Na hii ni safari fupi. Mwezi wa nne tulikwenda Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham. Kule loki ziko 30 mfululizo, ngazi ndefu kuliko zote Uingereza. Spana niliyokuwa nayo tuliikuta ndani ya boti tulipoinunua: chuma kitupu, kizito, kifupi, mpini umekaza hauzunguki, na kutu juu yake. Sikuuliza swali. Nilijua spana ni spana.

Kufika loki ya kumi kiganja kilikuwa chekundu. Ya kumi na nane nikaanza kuzungushia mkono wa kushoto. Tulipomaliza, jioni ile sikuweza kuinua kikombe cha chai. Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani. Mkate wangu uko kwenye mkasi na sindano. Wiki tatu sikukata kitambaa, wiki tatu nawapigia wateja simu kuwaomba radhi, na gauni la harusi la watu nikalipeleka kwa fundi mwingine. Nililia siku ile, siwafichi.

Halafu nikamkumbuka bibi yangu kule Muheza. Bibi hakumpa mtoto jembe mpaka ampimie mpini. Alikusimamisha, akaweka mpini ubavuni kwako, ukizidi akaukata, ukiwa mnene akauchonga kwa panga mpaka kiganja kifunge. Na mchi wa kutwangia sisi wasichana wadogo tulikuwa nao wetu, mwembamba. Hakuna aliyesema tunadeka. Kazi ilikuwa ile ile, mahindi yale yale. Mimi ninapokata kitambaa siwezi kutumia mkasi wa mtu mwingine, nautambua kwa kidole tu. Sasa ilikuwaje nikachukua chuma cha watu wengine, nikakizungusha siku nzima bila kujiuliza kama kinanifaa?

Nilikwenda duka moja la vifaa vya boti. Mwenye duka akanitolea spana saba mezani. Nikamwambia sinunui kabla sijazishika zote. Hakuchukia. Ana shafti ya mazoezi aliyoifunga ukutani, akaniachia.

La kwanza ni urefu wa mkono wa spana, kutoka katikati ya tundu mpaka pale unaposhika. Ile yangu ya zamani ni inchi 9. Hii ya sasa ni inchi 12. Inchi tatu zinaonekana si kitu, lakini nguvu ninayotumia imepungua kwa robo nzima, na kilango ni kile kile. Mnajua nati iliyoganda, fundi wa gari anachomeka bomba kwenye spana ili kuirefusha. Ni jambo hilo hilo. Ila usikimbilie ndefu kwa sababu ni ndefu. Mkono unapita duara kubwa zaidi, na mimi ni mfupi. Kuna moja ilikuwa nzuri kwa nguvu, lakini juu ya duara bega langu lilikuwa linanyanyuka kama naanua nguo kwenye kamba. Nikairudisha. Pia kuna loki ambazo shafti iko karibu na ukuta au reli, ukiwa na spana ndefu vidole vinagonga.

La pili, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni mpini. Angalieni hapa. Ngoja nivue glavu. Juu ya chuma kumevalishwa bomba, na hilo bomba linazunguka lenyewe. Nikishika, kiganja changu kinatulia, chuma ndicho kinachozunguka ndani yake. Kwenye ile ya zamani chuma hakizunguki, kwa hiyo kila mzunguko lazima ama ngozi isuguke ama kifundo kijipinde. Mzunguko mmoja huusikii. Mizunguko mia nne ndiyo bandeji ile mama aliyoiona. Ukinunua, pitisha kidole mwanzo na mwisho wa bomba. Pakiwa na mwanya mpana panafinya ngozi, na pakiingia tope bomba linakwama. Mimi kila jioni nasuuza, nafuta, natia tone la mafuta.

Uzito sasa. Hii ni ya alumini. Chuma cha pua na chuma cha kawaida ni vizito karibu mara tatu ya alumini kwa ukubwa ule ule. Watengenezaji wanaifanya alumini nene zaidi ili isivunjike, kwa hiyo tofauti mkononi si mara tatu, lakini unaisikia, hasa ukitembea nayo kutoka loki hadi loki. Ubaya wake tundu linalika mapema, zile pembe nne zinaanza kuwa mviringo. Kila safari naichomeka na kuitikisa. Ikicheza sana, inaweza kuteleza ukiwa umeegemea kwa uzito wako wote, na hapo unatua kwa magoti au kwa meno.

Na tundu lazima lilingane na shafti. Sehemu nyingi ni saizi ya inchi moja. Ila ukienda kwenye mfereji wa Grand Union, kwenye loki za Knowle na zile 21 za Hatton zilizojengwa upya miaka ya 1930, shafti ni nene, inataka inchi moja na robo. Kule pia kilango kimoja kinakula mizunguko ishirini na zaidi. Ukiwa na tundu dogo utasimama pale unaangalia tu.

Kuna waliouliza kuhusu spana ya racheti, inayofanya kazi kama ile ya mafundi magari. Rafiki yetu anayo. Faida yake ni kwamba huhitaji kumaliza duara, unavuta kwenye ile sehemu mkono wako una nguvu, unarudi, unavuta tena. Kwa mwenye bega bovu ni msaada mkubwa. Mimi niliiona nzito, na ina vyuma vidogo ndani vinavyotaka usafi. Ila asije mtu akawadanganya kwamba racheti inazuia ajali ninayotaka kuwaonyesha sasa hivi.

Njooni huku. Mnaona hiki kiulimi cha chuma kilicholala kwenye meno? Sikilizeni nikizungusha: ta, ta, ta, ta. Hicho ndicho kinachoshika kilango kisianguke. Kikiteleza na spana iko kwenye shafti, kilango kinashuka kwa uzito wake wote na spana inazunguka kama panga la feni, halafu inaruka. Nimemwona mtu amevunjika mkono hivyo. Kwa hiyo nikishapandisha, nahakikisha ulimi umelala, kisha spana inatoka. Kila mara. Hata kama narudi baada ya dakika moja. Na haiwekwi juu ya boriti ya lango, maana boriti itasogea na spana itakwenda majini. Yangu inakaa kwenye mkanda wangu, hapa nyuma.

Ikienda majini? Ya chuma unaifuata kwa sumaku iliyofungwa kamba, tumeshaokoa mbili. Alumini sumaku haiijui, ikizama imezama. Ndiyo sababu ile ya zamani sijaitupa. Iko kwenye boti, nimeipaka rangi nyekundu, ni ya akiba, na mume wangu ndiye anayeitumia. Mkono wake unaiweza.

Haya, maji yamekaribia kulingana. Baba, usirudi nyuma! Kaa mbele ya ule mstari mweupe! Samahani, pale nyuma chini kuna kizingiti cha mawe, boti ikikikalia mkia wakati maji yanashuka, inaning'inia na kuzama. Sawa, yuko salama.

Mama, angalia mkono huu. Nakunja, nakunjua. Jana nimekata vitambaa vya sare kumi na mbili, na leo hii ni loki ya tatu. Lango limelegea, nikalisukume kwa mgongo. Nawaacha kamera hapa juu ya begi, mtazame boti ikitoka.