Kabla Hujafungua Kabureta

Asanteni. Kabureta hii niliyoishika, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla havijaingia kwenye injini, imetoka kwenye pikipiki yenye umri mkubwa kuliko baadhi yenu, na kabla sijaifungua nina la kukiri. Nilipoanza kujiona fundi, niliifungua kabureta ya pikipiki yangu mara tatu ndani ya wiki moja. Pikipiki ilikuwa inawaka vizuri, inatembea kama dakika kumi, halafu inakata kana kwamba mafuta yamekwisha. Ukisubiri kidogo, inawaka tena. Nikasafisha jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta, nikapuliza matundu, nikabadilisha gasketi. Siku ya nne, kwa hasira, nikafungua mfuniko wa tenki nione kama mafuta yapo kweli, nikasikia "fyuuu", hewa inaingia. Kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi. Tenki halipumui, mafuta yatashukaje? Kabureta haikuwa na kosa lolote. Ila sasa ilikuwa na skrubu mbili zilizolika vichwa, na aliyezila ni mimi.

Kuhusu hizo skrubu, niseme harakaharaka: kwenye pikipiki nyingi za zamani za Kijapani zinafanana na skrubu za nyota za kawaida, lakini zimechongwa kwa kipimo chao, JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri, inateleza na kuzila. Tafuta bisibisi yake.

Sasa, wengi husema injini "inavuta" mafuta. Tunasema hivyo kwa mazoea, lakini angalia hapa. Hewa inapopita kwenye koo hili jembamba, inaongeza kasi na mgandamizo wake unashuka. Chini hapa kuna bakuli la mafuta, na juu ya mafuta hayo kuna hewa ya kawaida, ile tunayopumua. Hiyo ndiyo inayoyasukuma mafuta yapande kwenye jeti. Kwa hiyo bakuli nalo lina njia yake ya kupumulia, na ikiziba utahangaika kama nilivyohangaika mimi.

Na kiasi cha mafuta kinachopanda ni kidogo mno. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa lita 1 ya petroli, hiyo ni kama lita 9,000 za hewa. Ndiyo maana jeti ndogo ina tundu lisilofika nusu milimita, na ndiyo maana chembe ya kutu usiyoiona kwa macho inaweza kukulaza njiani.

Basi swali la kuiuliza pikipiki ni moja: inasumbua ukiwa umevuta mafuta kiasi gani? Usiniambie ni kasi ngapi au gia gani. Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta, weka alama ya kufunga kabisa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Kisha endesha, utazame alama.

Ikisumbua kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila wewe kuvuta mafuta, au pale unapoanza tu kuvuta, mshuku jeti ndogo na vijia vyake. Huyu ndiye mgonjwa wa kila siku, hasa kwa pikipiki iliyokaa miezi bila kuwashwa: petroli hukauka ikaacha utando kama gundi, na tundu dogo kuliko yote ndilo huziba kwanza. Kati ya robo na robo tatu, kazi kubwa ni ya sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta. Angalia kama klipu yake imehama au tundu inamopita limelika likawa yai. Kuanzia robo tatu kwenda mwisho, ni jeti kubwa. Mipaka hii inaingiliana kidogo, msiishike kama sheria.

Halafu kuna choki, ile ya kuzidisha mafuta injini ikiwa baridi, ambayo wengi wanaitumia asubuhi tu na kuisahau. Injini ikishapata moto, vuta choki kidogo pale inapokohoa. Ikitengemaa, ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti imeziba, au kuna hewa ya wizi inaingia kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira huo ukizeeka hupasuka nyufa nyembamba. Nyunyizia maji kidogo pembeni yake injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Choki ikizidisha ugonjwa, mafuta yalikuwa mengi tangu mwanzo, na plagi itakuwa nyeusi yenye masizi. Hapo tazama ea klina, yaani chujio la hewa, kabla ya kitu kingine. Na tafadhali, habari ya kutoa ea klina "ili injini ipumue" mwacheni nayo aliyewaambia. Mnaongeza hewa bila kuongeza mafuta, mnaingiza na mchanga.

Kabla ya kuishusha kabureta, kuna jambo la dakika moja. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kioo, ilegeze, acha koki ya tenki wazi. Mafuta yatoke mfululizo. Yakianza kwa nguvu kisha yakafifia, tatizo liko juu: koki, chujio, au mfuniko wangu ule. Kisha inua chupa kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakuwa yametua chini kama shanga. Ukiziona shanga hizo, anza na tenki, la sivyo utaisafisha kabureta leo na kesho utaisafisha tena. Fanyeni haya nje, na mwenye sigara akae mbali, sitarudia.

Tuifungue sasa. Hili ni boya linaloelea kwenye mafuta ya bakuli, na hii sindano fupi ndiyo mlango wake: boya likipanda, inafunga mafuta. Mnaona ncha ya mpira? Ina mchirizi wa duara. Ncha kama hii haifungi tena, mafuta yatafurika. Bahati ikiwepo yatatoka kwenye bomba la mpira lililo chini ya bakuli. Bahati isipokuwepo yatapita hadi kwenye injini, yaingie kwenye oili. Oili ikipanda kipimo na kunuka petroli, usipige hata kiki moja: mwaga oili kwanza, rekebisha sindano, ndipo uweke oili mpya.

Jeti inasafishwa kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Ikigoma, chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Waya wa chuma hapana, sindano ya kushonea hapana. Shaba nyeupe ya jeti ni laini, ukiikwangua umeshabadilisha saizi yake. Vipande vya mpira vitoeni kabla ya dawa, vinavimba.

Kuna ndugu aliuliza pale mwanzo skrubu ya pembeni inakazwa au inalegezwa. Inategemea ilipo. Ikiwa upande wa ea klina, inapima hewa: ukikaza, mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: ukikaza, yanapungua. Ya kabureta hii iko upande wa injini. Kabla ya kuitoa, kaza taratibu huku ukihesabu mizunguko, mpaka iguse tu, kwa sababu ukilazimisha ncha inavunjikia ndani. Andika idadi hiyo. Wakati wa kurudisha ndipo unaanzia hapo, injini ikiwa ya moto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisikiliza.

Njoo basi wewe uliyeuliza. Shika bisibisi, kaza polepole, uhesabu kwa sauti.