Mario Ana Walinzi, Juha Kalulu Je?

Mhadhara uliotolewa jioni katika Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni. Sogeeni, nafasi ipo. Ahsanteni kwa kuziacha baraza zenu mkaja hapa Ngomeni. Nimeombwa nizungumze juu ya gemu za zamani na vitabu vya katuni vya zamani, na nimesikia kwamba wako waliouliza kama mambo ya watoto yanastahili mhadhara. Yanastahili. Watoto wale ndio sisi, na vitu vile vinatutoka mikononi huku tunavitazama.

Nitakalosema leo ni moja, mengine yote yatalizunguka. Katika vitu tulivyocheza na kusoma tukiwa wadogo, vingine vina walinzi na vingine havina. Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu, hana hofu ya kupotea. Nintendo, kampuni ya Japani iliyomtengeneza, walifungua makumbusho yao huko Uji, karibu na Kyoto, Oktoba 2024. Superman naye ana wenyewe. Jarida alilotokea mara ya kwanza, la Juni 1938, liliuzwa senti 10 za Marekani, na mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Nakala ile hailali nje. Lakini katuni zilizochorwa kwa Kiswahili, kama Juha Kalulu wa gazetini, zikachapwa Nairobi na Dar es Salaam, zikafika huku na kupita mikono mingi mpaka zikachanika, hizo zi wapi? Nani kaziweka?

Hata huko kwenye pesa si kila kitu kimeokoka. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba katika gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Hao wana orodha za kuhesabia. Sisi orodha yenyewe bado hatujaianza.

Tuanze na gemu, maana nawaona vijana mnakitazama hiki nilichoshika.

Mashine tuliyoicheza wengi wetu haikuwa ya Nintendo hasa. Nintendo walitoa Family Computer, mashine yao ya gemu, Japani Julai 1983. Viwanda vya Taiwani na Uchina vikaiga, vingine vikawaiga walioiga, na nakala hizo ndizo zilizofika Mombasa, zikapanda basi hadi Mokowe, zikavuka kwa boti. Hii kaseti ya manjano imeandikwa kwamba ina gemu 9999. Nimeifungua ili muione ndani. Ubao wa kijani, upana wa vidole vitatu, na katikati tone jeusi gumu. Hakuna chipu yenye miguu. Silikoni yenyewe imelazwa juu ya ubao, ikaunganishwa kwa nyuzi nyembamba mno, kisha ikafunikwa na tone hilo. Ilikuwa njia ya kupunguza gharama, na ndiyo maana kaseti ya aina hii ikifa, sisi mafundi hatuna pa kuanzia. Na hizo 9999? Ukishuka kwenye orodha utakuta gemu chache zikijirudia. Moja inakuanzisha hatua ya tatu, nyingine inakuongezea maisha. Watoto wa vibandani walizijua kwa namba, na mtoto aliyejua namba nzuri hakuitoa bure.

Mkizirudia gemu zile mkiwa watu wazima, angalieni zilivyotengenezwa. Super Mario Bros. ya 1985, pamoja na dunia zake 8, ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja mnayotumiana kwa simu inaizidi mara kadhaa. Shigeru Miyamoto, aliyeibuni, na wenzake waliwezaje? Tazameni wingu na kichaka. Ni mchoro ule ule, umebadilishwa rangi tu. Mario mwenyewe alipotokea katika Donkey Kong, 1981, alipewa masharubu kwa kuwa vidoto vya kumchorea vilikuwa vichache, mdomo haukuonekana. Akavishwa kofia ili wasihangaike na nywele. Na Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, 1978, wale wavamizi wanaozidi kasi kila ukiwapunguza: prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa dhaifu, na ikibaki na wachache wa kuchora, inakimbia. Nishikado akaona mchezo unasisimua zaidi hivyo, akauacha.

Nataka tukae kidogo kwenye bunduki. Mnaikumbuka gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt, ya 1984. Sote tuliamini bunduki ile inatoa kitu. Haitoi chochote, inapokea. Ndani ya mtutu mna lenzi na kijicho cha kuhisi mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi, kwa muda mfupi hata jicho halitulii, kisha pale alipo bata panachorwa mraba mweupe. Kijicho kikiona giza halafu weupe, umempata. Kikiona giza tu, umekosa. Bata wakiwa wawili, miraba huja kwa zamu, na mashine hujua umempiga yupi kwa kuwa inajua zamu ni ya nani. Lile giza la kwanza ndilo linalomnasa mjanja anayeelekeza bunduki kwenye balbu ya darini: mashine ikiambiwa kuna mwanga wakati skrini ni nyeusi, haimkubalii.

Sasa ichukueni bunduki hiyo hiyo kwenye televisheni bapa za leo. Haifanyi kazi. Televisheni ya chogo huchora picha mstari kwa mstari, papo hapo ishara inapoingia. Hii bapa huipokea picha, huitengeneza, ndipo huionyesha, na kuchelewa huko kidogo kunatosha kijicho kutazama kabla mraba haujafika. Kwa hiyo nawasihi, televisheni za chogo zilizobaki mjini zisiende zote jaani. Angalau tubaki na chache zinazowaka. Gemu zile zilitengenezwa kwa skrini zile.

Na habari ya kupuliza. Kaseti ikigoma tuliitoa, tukaipuliza, tukairudisha, ikawaka. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Meno yakakaa sawa. Pumzi inatia unyevu, na hewa yetu ina chumvi tayari. Matokeo ni hii kutu ya kijani mnayoiona hapa kwenye shaba. Chukueni pamba, mtie spiriti ya duka la dawa, msugue taratibu, muiache ikauke. Basi.

Sasa vitabu. Hapa ndipo roho yangu ilipo.

Tuseme ukweli: msichana hakuingia kibanda cha gemu. Kile kilikuwa cha wavulana na kelele zao. Lakini katuni iliingia ndani. Kaka alileta, dada akasoma, shangazi akasomewa, ikapanda ghorofani, ikakopeshwa nyumba ya pili, na ikirudi imerudi bila jalada. Ndiyo sababu kila ninapozitafuta siendi kwanza kwa wanaume. Nawauliza akina mama ni sanduku gani halijafunguliwa siku nyingi.

Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika Taifa Leo, alikuwa nasi miaka nenda miaka rudi. Wako watu hapa waliojifunza kusoma kwa vituko vyake, wakisoma kisanduku kwa kisanduku na kidole juu ya maneno. Lakini katuni ya gazeti maisha yake ni siku moja. Asubuhi imechekesha baraza nzima, jioni ukurasa ule ule umefungia bajia. Hakuna aliyefanya kosa. Gazeti ndivyo linavyotumika. Ila matokeo ni kwamba mchoraji amefanya kazi umri mzima, na sisi wasomaji wake hatuna hata kurasa kumi za kumwonyesha mjukuu.

Majarida yalikuwa na nafuu. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe huko Nairobi mwaka 1973, kwa Kiingereza, na Joe mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini anayecheka ili siku ipite. Kutoka Dar tulipata jarida la Sani la akina Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kabla yake gazeti la Uhuru lilikuwa na katuni ya Chakubanga. Wazee watamkumbuka pia Lance Spearman wa jarida la African Film, mpelelezi aliyesimuliwa kwa picha za kamera badala ya michoro, kofia kichwani na tai ya kipepeo shingoni, akiwafukuza wahalifu pamoja na wenzake Sonia na Lemmy. Kijana wa Kiafrika kumwona Mwafrika mwenziwe ndiye shujaa, ndiye mwenye gari na ndiye anayeshinda, miaka ile lilikuwa jambo zito.

Kisha akaja Abunuwasi. Mwaka 1996 Gado, yaani Godfrey Mwampembwa wa Tanzania, alitoa kitabu chake cha katuni cha Abunuwasi kwa Kiswahili kupitia Sasa Sema Publications. Sisi Abunuwasi tulikuwa naye tangu zamani, kwa midomo ya bibi zetu, na sote twaijua ile sufuria iliyoazimwa ikazaa. Kila mtoto alikuwa na sura yake ya Abunuwasi kichwani. Gado akampa sura moja, na tangu nilipoiona sijaweza kumfikiria kwa sura nyingine. Naona huo ndio uwezo mkubwa wa mchoraji, na naona pia ni sababu tosha ya kuhifadhi mistari yake jinsi alivyoichora.

Karatasi yenyewe ina ugonjwa wake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka manjano na kutoa asidi, karatasi ikavunjika kwenye mkunjo. Hapa ongezeni unyevu, mende na mchwa. Pini za katikati hupata kutu, na kutu inakula karatasi kuizunguka. Ziondoeni kwa ukucha, polepole, kisha mshone kitabu kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Selotepu msitie kabisa. Gundi yake hupenya, na miaka michache baadaye inaacha doa la kahawia lisilotoka. Kilazeni kitabu, msikisimamishe, mahali pakavu pasipo jua.

Mji huu si mgeni wa kazi hii. Chuo cha Herekali, utendi wetu wa kale, kiliandikwa Pate mwaka 1728, na kama wazee wetu wangetegemea karatasi moja tusingekuwa nacho. Mtu alikaa akanakili, na mwingine baada yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini, ili hata mchwa akipita maandishi yabaki. Najua yuko anayejiuliza ninawezaje kutaja tendi na katuni kwa pumzi moja. Sizilinganishi kwa heshima. Nazilinganisha kwa karatasi. Mchwa hachagui.

Kuhusu haki za wachoraji, nitakuwa mfupi. Hatuuzi, na hatuweki kazi ya mtu mtandaoni bila idhini yake au ya warithi wake. Tunapiga picha na kuandika orodha. Hilo la orodha ndilo kubwa zaidi: jina la kitabu, toleo, kilinunuliwa wapi, nani alikisoma, nani alichora masharubu kwenye jalada. Hayo ya mwisho hakuna makumbusho ya Japani wala Marekani yatakayotuandikia.

Kesho baada ya Alasiri nitakuwa hapa hapa na skana na meza mbili. Kila kitabu kitarudi na mwenyewe jioni ile ile. Natafuta hasa kurasa za Juha Kalulu, hata zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwenye daftari, na Sani za zamani za toleo lolote. Kaseti za gemu nileteeni hata zilizokufa, maana karatasi zilizobandikwa juu yake nazo nazipiga picha. Mwenye bunduki ya bata aje nayo tuijaribu, televisheni ya chogo ninayo.

Sasa maswali, na leo tutaanza na akina mama.