Akinfenwa Hakuwa Kichekesho

Mwenyekiti, ahsante. Wakubwa zangu shikamooni, na ninyi makocha wengine wa mpira hamjambo. Ratiba inasema nitazungumzia "kuibua vipaji." Nimeizungumzia hiyo kwenye kozi ngapi? Wapo humu wanaoweza kunimalizia sentensi kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo leo naomba ruhusa nimzungumzie mtu mmoja tu, na kipaji kikiibuka humo njiani, sawa.

Adebayo Akinfenwa.

(Kicheko.)

Mnaona? Nimetaja jina tu mmeshacheka. Ndiyo maana nimemleta.

Vijana wenu wanamjua kwenye gemu la FIFA. Pandikizi la mtu, kilo 100 na ushee, miaka mfululizo hakuna aliyemzidi nguvu kwenye lile gemu. Ukimweka mbele anawasogeza mabeki kama mtu anayefungua pazia. Bonge, baunsa, miraba minne, basi, habari inaishia hapo. Mimi nasema hivi: huyu bwana alicheza mpira wa kulipwa kuanzia 2001 mpaka 2022. Mechi zaidi ya 700, mabao zaidi ya 200, na hata moja hakulifungia Ligi Kuu ya Uingereza. Miongo miwili analipwa kwa kazi ya namba tisa, huko madaraja ya chini ambako sisi hata matokeo yake hatuyatafuti. Nani humu ametoa mshambuliaji aliyelipwa miongo miwili? Nyoosheni mikono. Haya.

Wimbo wangu mnaujua. Tunawaambia vijana kuna Simba, kuna Yanga, kuna Ulaya, na chini ya hapo kuna shimo. Nilikuwa na kijana mmoja, straika, mguu wa kushoto, mpira anaujua. Timu ya daraja la chini mikoani ikamtaka. Mshahara mdogo lakini upo, na chumba cha kulala. Akakataa, anasubiri kubwa. Mjomba wake akanipigia simu: "Mwalimu, usimshushe mtoto thamani." Imepita miaka sita. Juzi nimekutana naye barabarani, anaendesha bodaboda. Kazi halali, sina neno nayo. Akapunguza mwendo, akanisalimia vizuri, halafu akaniuliza, "Mwalimu, ile timu bado ipo?"

Sasa tumtazame mwenzake. Akinfenwa kazaliwa Islington, London, 1982, familia ya Kinigeria. Akapita timu ya vijana ya Watford, na pale hakupata nafasi. Kijana wa umri ule akaenda wapi? Lithuania! Timu inaitwa Atlantas. Huko akakutana na mashabiki wanaomwimbia matusi ya rangi yake, waziwazi, uwanja mzima unasikia. Akataka kurudi nyumbani. Kaka yake akamwambia asithubutu, ukirudi watakuwa wamekushinda. Akabaki, na mwaka huohuo wa 2001 akachukua na timu yake Kombe la Lithuania.

Akarudi, akapita Wales kwa Barry Town, klabu ikaishiwa pesa. Halafu hesabuni pamoja nami msimu wa 2003/04: Boston United. Leyton Orient. Rushden & Diamonds. Doncaster Rovers. Timu nne, msimu mmoja! Huku kwetu mchezaji akibadili timu mara mbili tunasema ana mkosi, apelekwe akaombewe. Yeye alikuwa anatafuta kazi. Torquay wakampa nafasi msimu uliofuata, akafunga, Swansea wakamchukua. Kwa heri Torquay, karibu Swansea, 2005. Na bao la kwanza la mechi ya mashindano kwenye uwanja mpya wa Swansea, Liberty, dhidi ya Tranmere, ni la nani? La huyu mnayemcheka.

Kuna mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema. Mpira wa leo ni mbio, ni kukaba kuanzia juu, mtu wa kilo 100 atakaba nani? Baba, siwaambii mfuge vitambi. Nawaambia mtazame kazi. Hebu njoo hapa wewe, wa shati la bluu. Usiogope. Wewe ni beki, nikabe.

Mimi ni namba tisa, mpira uko kule kwa kiungo wangu. Kijana wetu wa kawaida anafanyaje? Anautazama mpira, anautazama, unamfikia, ndipo anakumbuka kwamba nyuma yake kuna mtu. Mtu kashatia mguu zamani. Sasa angalieni hili jitu linafanyaje. Mpira haujapigwa bado, linarudi kinyumenyume mpaka limguse beki. Linamtafuta kwa makalio, samahanini akina mama. Likishamgusa, limeshajua alipo bila kugeuza shingo. Goti linakunjika, mkono unafunguka kidogo hivi. Hausukumi, ukisukuma ni faulo, mkono unapima tu. Beki akiegemea kulia, mpira unaenda kushoto. Mpira unatua kifuani, unashuka, kiungo anaukuta hapa. Nisukume. Sukuma basi!

(Kicheko.)

Umeona? Nina miaka 61 na goti bovu. Kaa, ahsante sana. Hiyo si misuli, hiyo ni kuwahi. Misuli ilimrahisishia, lakini mtaani kwenu wamejaa wenye misuli na hawajui kusimama. Mwaka 2015 ninyi nyote mliona mechi ile ya Kombe la FA, Liverpool na AFC Wimbledon, timu ya Akinfenwa wakati ule, mlikuwa mnamtazama Gerrard, nahodha wa Liverpool. Kona imepigwa, mpira umezagaa golini kwa Liverpool, nani yuko pale katikati ya miguu ya watu? Akafunga, 1-1. Gerrard akawaokoa wenzake, 2-1. Na bwana mkubwa ni shabiki wa Liverpool tangu utoto, hata kabla ya mechi alishatangaza kwamba jezi ya Gerrard ni yake na mchezaji mwenzake asithubutu kuigusa. Akaipata.

Lakini nilikotaka kuwapeleka ni kwenye penalti. Mwenyekiti, usitazame saa.

Cardiff, 2006. Mwezi wa nne, fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini, Swansea na Carlisle. Swansea wanashinda 2-1, bao la ushindi la Akinfenwa. Shujaa. Mwezi wa tano, tarehe 27, uwanja uleule, fainali ya mtoano ya kupanda daraja, Swansea na Barnsley. Dakika zinaisha 2-2, inakuja mikwaju ya penalti. Akinfenwa anatembea kutoka katikati ya uwanja, anaweka mpira, anakosa. Mwenzake mmoja naye anakosa. Barnsley wanapanda, Swansea wanabaki. Msimu uliofuata akavunjika mguu, na Swansea pakaishia hapo. Akaenda Millwall, mechi chache, bao sifuri. Hebu mkae na hilo kidogo. Straika mwenye mguu uliovunjika, aliyekosa penalti ya kupandisha timu, ana bao sifuri kwenye timu mpya, mkataba mfupi, na mwili ambao kila mwalimu akiuona anauliza anakula nini. Sisi tungekuwa tumeshamsahau. Northampton, daraja lilelile la Millwall, wakamwita Januari 2008, akaenda. Akafunga. Akaenda Gillingham. Akarudi Northampton. Akarudi tena Gillingham. Kama fundi seremala anayeitwa mtaa huu na mtaa ule, msumeno begani.

2014 akatua AFC Wimbledon. Hawa historia yao mnaijua: klabu yao ilihamishiwa Milton Keynes, mashabiki wakakataa, wakaanzisha ya kwao 2002, wakaanzia chini kabisa. 2016 wamefika Wembley, fainali ya mtoano, dhidi ya Plymouth. Tarehe 30 mwezi wa tano. Kutoka ile penalti ya Cardiff ni miaka 10 na siku 3. Nimehesabu mwenyewe kwa vidole. Ana miaka 34, klabu imeshamwambia mkataba hauongezwi. Ile ndiyo mechi yake ya mwisho pale na hata hajaanza, anatokea benchi. Wimbledon wanaongoza 1-0. Dakika za nyongeza, penalti!

Sasa penalti hiyo si yake. Kuna mwenzake aliyepangiwa kupiga. Pale wakabishana, dunia nzima inaona. Mtu aliyekosa Cardiff ameushika mpira na hautoi. Huku kwetu tungesema ana nidhamu mbovu, na mimi kama mwalimu wake moyo ungekuwa umeshahama. Yule mwenzake akamwachia. Akapiga, akafunga, 2-0, Wimbledon wamepanda.

Anafuatwa na kamera, mahojiano yanakwenda hewani moja kwa moja. Anasema nini? Anasema kwa sasa kitaalamu hana ajira, kwa hiyo kocha yeyote anayemtaka amtafute WhatsApp.

Dunia ikacheka. Hata ninyi mnacheka, na mmeisikia mara kumi. Mimi sicheki. Ile ni barua ya maombi ya kazi! Imeandikwa mbele ya uwanja wa taifa wa Uingereza, muombaji ametoka kufunga dakika moja iliyopita, ana jasho. Vijana wetu wanasubiri wakala aje na gari. Huyu kaomba kazi hadharani na hakuona aibu. Wycombe Wanderers wakamchukua majira yaleyale ya joto. Daraja lilelile la nne ambalo Wimbledon wametoka kulikimbia! Yaani timu imepanda kwa bao lake, yeye kabaki chini. Na hakulia lia. Akakaa Wycombe misimu sita.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Dakika tano. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu mishahara na mikataba ya mwaka mmojammoja, nairuka, mtaniuliza wakati wa chai. Nilikuwa pia na jibu la wale wanaosema Uingereza hata chini kuna hela. Jibu fupi: ndiyo, zipo, kwa mwenye mkataba. Ule ukiisha mwezi wa sita, kodi ya nyumba haiulizi ulifunga mangapi.

Wycombe, haraka haraka. 2018 wakapanda kwenda daraja la tatu. 2020, mwaka wa korona, wakaifunga Oxford 2-1 Wembley, uwanja mtupu, wakaingia Championship, daraja la pili, kwa mara ya kwanza tangu klabu iundwe 1887. Wanamhoji tena, anasema safari hii wa kumtafuta WhatsApp ni Klopp peke yake, kocha wa Liverpool wakati ule. Na Klopp akamtumia ujumbe wa video! Mwaka mmoja wakashuka.

Na wa kwetu? Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekulia Leicester. Mansfield, Solihull Moors, viwanja ambavyo humu hakuna aliyevitafuta kwenye ramani. Akiwa hukohuko ligi ya tano akaitwa Taifa Stars, akaenda AFCON ya Misri 2019. Watu wakauliza, Solihull ndiyo nini? Niliulizwa hivyo na kocha, si na shabiki. Huyu ningemtaka mhadhara wake peke yake, nimenyimwa muda.

Akinfenwa alimaliza Mei 2022, Wembley tena, fainali ya mtoano tena, wakafungwa na Sunderland 2-0. Alikuwa ameshatimiza miaka 40, siku chache tu zilikuwa zimepita.

Swali moja tu, mwenyekiti anasema. Haya, wewe. Kwamba umpeleke kijana wako gym? Hapana bwana. Mlete kesho saa 1 asubuhi hapo uwanjani, na umlete na beki wako mkorofi kuliko wote. Tutaanza bila mpira, kurudi kinyumenyume tu mpaka wagusane. Jezi za mazoezi nimekuja nazo. Ile kubwa kabisa ni moja, atakayewahi.