Kuandaa Chai kwa Gaiwani ya Kauri Iliyotengenezwa kwa Mkono

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo tutaandaa chai ya majani mazima kwa gaiwani, yaani bakuli dogo la kauri lenye mfuniko na kisahani chake, ambalo Wachina hulitumia badala ya birika, na pengine hunywea humo humo. Hii niliyoishika imetoka Jingdezhen, mji wa mkoa wa Jiangxi ambao mwaka 1004 ulipewa jina la enzi ya mfalme wa nasaba ya Song aliyekuwa akitawala wakati huo. Vyombo hivi ninaviuza, na ni haki yenu kulijua hilo. Hata hivyo, hatua nitakazoonyesha zinafaa kwa gaiwani yoyote, popote mtakapoinunua.

Kwanza tukikague chombo. Washeni tochi ya simu, mwanga uelekee ndani ya bakuli, kisha wekeni kidole nje ya ukuta wake. Mwanga wa taa ya juu unarudi kwenye kamera, kwa hiyo naizima. Sasa kivuli cha kidole kinaonekana vizuri. Wembamba huu hautoki kwenye gurudumu la mfinyanzi moja kwa moja. Bakuli hufinyangwa likiwa nene, likaachwa likauke kabisa, ndipo fundi mwingine hulirudisha kwenye gurudumu na kulichonga kwa vyuma vyenye makali, huku akiligonga kwa kidole mara kwa mara ili sauti imjulishe unene uliobaki. Akipitisha kiasi kidogo tu, ukuta hutoboka na kazi ya wenzake wote waliomtangulia hupotea. Song Yingxing, ambaye kitabu chake kuhusu kazi za mikono kilichapishwa mwaka 1637, aliandika kwamba chombo kimoja hupita katika mikono 72 kabla hakijakamilika. Kwangu mimi, mkono wa huyu mchongaji ndio unaostahili heshima kubwa zaidi.

Mkiona mistari myembamba ya mzunguko mwangani, msiihesabu kuwa dosari, kwa kuwa ni alama za kazi ya mkono. Dosari ni ufa, nao hutambulika kwa sauti: ligongeni bakuli taratibu kwa ukucha, lililo zima hulia kwa mlio mrefu, lenye ufa hutoa sauti fupi iliyofifia. Kisha zungusheni mfuniko juu ya bakuli. Kauri husinyaa karibu sehemu moja ya sita ya ukubwa wake kutoka kufinyangwa hadi kutoka kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,300 hivi, kwa hiyo mfuniko unaotulia vizuri ni ushahidi wa fundi aliyekadiria msinyao wa vipande viwili tofauti. Mfuniko unaocheza kidogo unakubalika. Unaokwama msiununue, kwa sababu ni lazima tuweze kuusogeza wakati wa kumimina.

Sasa chai. Ninatumia gramu 5 za Tie Guanyin, chai ya oolong, yaani iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, ya Anxi katika mkoa wa Fujian, kwa gaiwani ya mililita 110. Majani ya chengachenga tuliyoyazoea Afrika Mashariki hayafai hapa, kwa kuwa hutoa rangi upesi mno na hupenya kwenye mwanya wa mfuniko. Chai ya zambarau ya Kenya ya majani mazima, kwa upande mwingine, inafaa sana.

Pasheni chombo joto kwa maji ya vuguvugu kwanza, kisha kwa maji ya moto, mmwage, mtie majani. Mimineni maji yaliyochemka na kuyamwaga mara moja ili majani yaamke.

Hapa naomba msikilize kwa makini. Tazameni ukingo wa bakuli ulivyopanuka kuelekea nje: fundi aliupanua ili vidole vipate mahali pasipoguswa na maji. Maji yaishie chini ya pale mfuniko unapokaa. Msijaze hadi juu. Mkijaza hadi juu, ukingo utashika moto na vidole havitastahimili.

Subirini sekunde 15. Sogezeni mfuniko kidogo, ubaki mwanya mwembamba wa kupitisha chai na kuzuia majani. Kidole gumba kiwe upande mmoja wa ukingo, cha kati upande wa pili, na cha shahada kikandamize kishikio cha mfuniko. Tumbo la bakuli lisiguswe. Mwanya uwe katikati ya vidole viwili vya ukingoni, usielekee kwenye kidole chochote, kwa sababu humo hupita mvuke.

Mvuke umefunika kioo cha kamera. Nakifuta, nasogeza kamera pembeni, na nitaonyesha tena katika mmimino wa pili, maana hatua hii haifai kuonekana nusu.

Naam. Maji chini ya mfuniko. Nasema tena, yasifike juu. Vidole ukingoni, mwanya katikati, kisha inamisheni bakuli kwa uamuzi hadi liwe karibu wima juu ya kijagi cha kupokelea chai. Anayemimina kwa kusitasita ndiye anayeungua, kwa kuwa chai hutiririka ukutani na kufuata vidole. Kila mmimino uongezewe sekunde 5 hivi. Majani haya yaliyoviringwa hufumuka na kuuinua mfuniko. Yasukumeni chini kwa ukingo wa mfuniko kabla ya kuongeza maji.

Nusisheni pua chini ya mfuniko: harufu ya maua hukaa hapo kuliko kwenye kikombe. Kauri hainyonyi chochote, tofauti na birika za udongo za Yixing, mji mwingine wa China, ambazo wapenzi wengi huzitengea chai ya aina moja tu. Gaiwani hii moja itapokea oolong leo na chai ya kijani kesho bila kuzichanganya ladha. Uimara huo unaonekana hata kwetu, kwani vipande vya kauri ya Kichina vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi vingali vinang'aa baada ya karne nyingi ardhini.

Baada ya kutumia, osheni kwa maji ya moto na kitambaa laini. Michoro ya buluu ya kobalti iko chini ya tabaka la kioo, haifutiki. Ile ya rangi nyingine iliyochorwa juu yake, pamoja na ukingo wa dhahabu, hukwaruzika, basi msiisugue kwa stilwulu, na chenye dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu. Mfuniko ukaushwe kando, na mnapohifadhi, wekeni kipande cha kitambaa kati yake na bakuli.