Usingoje Ukuta Uwake Ndo Uwashe AC

Mwangaluka jamani. Wa nyuma sogeeni mbele, feni ziko huku. Mambo ya kompresa na gesi mnayajua, siyagusi. Nimekuja na lile lile la kudhibiti kwa kutabiri, yaani kulipoza jengo mapema kabla joto halijafika, ambalo wengine mmeshanisikia nalo Kirumba mkanisikia nalo Nyegezi, na leo nalirudia kwa sababu bado naingia maofisini nakuta rimoti iko 16. Jamani, kwa kompresa ya kawaida 16 haipozi haraka kuliko 24! Inachelewa kuzima tu basi.

Kuna jengo moja hapa mjini, ghorofa nne, vioo upande wote wa magharibi unaotazama ziwa. Asubuhi watu wanavaa masweta, ikifika saa tisa mchana ukumbi ni tanuri. Fundi wa kwanza akaongeza gesi. Wa pili akafunga AC mbili zaidi za spliti. Mimi naitwa, wanataka nyingine mbili! Nikasema ngojeni kwanza, nikabandika sensa za joto, moja kwenye hewa, moja kwenye zege la dari, moja nje kivulini, nikaziacha wiki nzima. Hewa ilikuwa inapoa vizuri tu, ila zege limelala na joto la jana, usiku kucha madirisha yamefungwa na huko nje kuna digrii 18, 19, ubaridi wa bure kabisa hakuna aliyeuchukua, halafu kesho yake jua la alasiri linaongeza juu ya lile la jana. Ile AC haikuwa inapambana na hewa, inapambana na zege.

Shikeni hesabu hii. Ukumbi wa mita za mraba 100, dari mita 3, hewa yote iliyomo ina uzito wa kilo 300 na kitu. Zege la sakafu moja ya sentimita 15 ni kilo 36,000. Kulishusha digrii moja lazima utoe karibu kilowati-saa 9 za joto, hewa ni kama 0.09 tu. Mara 100! Hata kama usiku mmoja unapoza nusu tu ya unene wake, bado una ghala kubwa la ubaridi na hulilipii pango. Na nyie mnaoziba dari na jipsamu mnalifungia hilo ghala nje, hili linaniuma kweli.

Sasa kudhibiti kwa kutabiri ndo hiki hiki, kulipoza zege mapema, ila kwa programu. Unaipa picha ya jengo kwa namba, zege linashika joto kiasi gani na ukuta unalipitisha kwa kasi gani. Unaipa utabiri wa hewa wa saa 24 zijazo na saa ambazo watu wanaingia na kutoka. Unaiwekea mpaka, tuseme ndani kusizidi 26. Yenyewe inatafuta mpango wa bei ndogo kwa hizo saa zote, lakini inatekeleza hatua ya kwanza tu, kisha inasoma sensa upya na kupanga upya, hivyo hivyo kila baada ya dakika kadhaa. Kwa hiyo msiniambie utabiri hukosea, najua unakosea, mvua ya ziwani inakuja bila hodi, ndo maana inapanga upya!

Kuna anayesema hiyo ni ya Ulaya kwa wanaopasha nyumba. Ni kweli, ingawa viwanda vya kusafisha mafuta ya petroli ndo vilianza nayo miaka ya 1970, na kwenye jengo la chuo kikuu cha ufundi pale Prague, nchi ya Cheki, waliijaribu kwenye kupasha joto wakaokoa kati ya asilimia 15 na 28. Lakini joto ni joto tu, kule wanalitunza, huku tunalitoa, hesabu haibadiliki.

Mnahofia mbu na wezi usiku? Hakuna aliyesema mwache dirisha wazi. Funga feni ya kuvuta hewa yenye wavu na nondo, iwake saa sita usiku mpaka kumi na moja. Lile jengo wamefanya hivyo kwa taima ya kawaida, hata programu bado, na zile spliti mbili hawakununua tena.

Haya naonyeshwa saa, twende haraka. Wateja wakubwa wa umeme mnalipia pia kilele cha kVA, yaani ule mzigo mkubwa zaidi mnaovuta kwa mpigo, mkiwasha mashine zote kwa pamoja saa nane mchana mmejipandishia wenyewe, programu inazipanga zipokezane. Vyumba vya baridi vya sangara ni hivyo hivyo, samaki walioganda ni ghala, shusha chini ya ile nyuzi 18 hasi usiku nje kukiwa na ubaridi, mchana pumzisha, usivuke mpaka tu. Unyevu ulikuwa na sehemu yake, siufikii leo, ila usiku wa mvua feni isiwake ovyo ovyo.

Mwenye jengo la vioo upande wa magharibi abaki. Sensa ninazo hapa kwenye begi, tunaweza kwenda kuzibandika leo leo.